Faili Nililoliita Mapishi

Barua ya posa ikisikika njiani kabla haijafika kwa wazee wa mwanamke, hiyo si posa tena, ni tusi. Kwetu Pemba hili halina mjadala. Baba wa binti akiulizwa sokoni, "Eti mnaposwa?" naye bahasha hajaiona, basi hata mposaji awe na gari na nyumba ya ghorofa, jibu ni hapana, na wazee waliotumwa watarudi na kitambaa walichofungia barua mkononi. Ndiyo maana watu walikuwa wakija kwangu. Nina chumba cha kupiga chapa hapa Chake Chake, upande wa kuelekea Madungu: kompyuta moja, printa, mashine ya fotokopi na ile ya kutia vyeti plastiki. Chumba chenyewe ni nusu chumba, maana mwenye nyumba alikigawa kwa ubao mwembamba akampangisha nusu ya pili mwanamke mpaka hina, mpole asiye na makuu, ambaye wateja wake hukaa mikono mbele kutwa nzima wakingoja hina ikauke.

Barua za posa ndiyo kazi iliyonipa jina. Nazipiga kwa lugha ya heshima, nazizungushia maua pembeni, na mteja akishatoka mlangoni nimeshasahau binti ni nani. Mzee mmoja aliwahi kusema mbele za watu kwamba mimi ni kaburi, kinachoingia hakitoki. Nilifurahi wiki nzima kwa kuitwa kaburi. Angalia binadamu alivyo.

Kisha posa zikaanza kurudi.

Ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Ya pili ilikuja na mwenyewe. Mama mmoja wa Wawi aliingia bila hodi, akakitupa kitambaa cha posa juu ya meza yangu, bado kinanuka udi.

"Bi, posa ya mwanangu imerudi," alisema. "Wale wanasema walishaisikia harusini kwa watu, siku mbili kabla ya barua. Mie niliijua, baba yake aliijua, na aliyeipiga chapa aliijua."

"Unataka kusema mimi ndiye niliyetoa?"

"Sikusema weye. Nimesema imetoka humu ndani."

Humu ndani! Humu ndani tulikuwa wawili tu, mimi na mtoto wa kaka yangu. Nilipogeuka alikuwa ameinamia fotokopi, anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikajisemea moyoni, haya, nimeshaona.

Huyu binti nimemlea mwenyewe tangu baba yake alipofariki. Nilimpeleka chuoni kusoma Kurani, nikampeleka skuli, nikamwoza, na alipoachwa nikampokea na begi lake, mtoto wake akabaki kwa baba yake huko Wete. Ni mtu wa maneno machache. Zamani nilikuwa nikisema ni adabu. Baada ya yule mama wa Wawi nikaanza kusema ni ujanja, maana ukishamshuku mtu, hata akipiga chafya unaona ana lake jambo.

Na sababu nilikuwa nazo, msinione mwendawazimu. Kwanza, simu. Ilikuwa ikitetemeka mfukoni mwake, akiitazama anatabasamu, akiniona naangalia anairudisha. Pili, redio. Kila nilipokaa kupiga barua ya posa, yeye aliinuka akaenda kuongeza sauti ya redio. Barua ya maombi ya kazi, redio chini. Barua ya posa, redio juu, taarabu inanguruma mpaka vikombe vinatikisika. Nikamwambia mara ya kwanza, nikamwambia mara ya pili. Mara ya tatu, kabla hata posa ya kwanza haijarudi, nilichomoa waya, nikaitia redio kabatini na ufunguo nikautia kwenye mkoba wangu. Hakukasirika. Alinitazama, akafungua mdomo kama mwenye neno, kisha akaufunga akarudi kwenye karatasi zake.

Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, mausi ya kompyuta. Siku hiyo nilirudi kutoka kusali adhuhuri. Yeye yuko kwenye fotokopi, amenipa mgongo. Nikatazama kioo cha kompyuta, nikauona mshale unakwenda wenyewe. Ulitetemeka, ukasogea kidogo, ukasimama, ukasogea tena kuelekea pale lilipo faili la barua za posa. Nywele zilinisimama.

"Nani kagusa hapa?"

"Hapana mtu, Shangazi."

"Hapana mtu, na mshale unatembea?"

"Labda unatembea wenyewe."

"Labda! Labda jini naye ana posa yake anataka kuitazama?"

Akacheka. Alicheka kwa sababu nilichekesha, leo najua. Siku ile nilisikia kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Kuna mwalimu wa kompyuta, mtu wa Unguja, anayekuja kwangu kuchapisha mitihani ya wanafunzi wake. Huyo nilimngoja kama mgonjwa anavyomngoja tabibu. Alipokuja nilimtuma binti sokoni, nikafunga mlango nusu, nikamweleza habari ya mshale. Akanyanyua mausi, akaipindua, akanionyesha taa nyekundu chini yake. Akasema mausi hii inaona njia kwa taa, na mimi nimeiweka juu ya kalenda niliyoitia plastiki. Plastiki inang'aa, taa inachanganyikiwa, mshale unatangatanga. Akatandika karatasi kavu chini yake, mshale ukatulia tuli.

Nilimshukuru, lakini sikumwamini. Watu wa Unguja wana jibu la kila kitu.

"Mwalimu, mashine yenyewe haiwezi kuniambia nani kaigusa?"

"Inaweza kukuambia imeguswa wapi na saa ngapi. Nani, hilo utalijua mwenyewe."

"Basi nifanyie hivyo."

Kwanza akataka nielewe ninachoomba. Alikaa, akaandika mistari michache ya programu, akaniambia nitoe mikono mezani. Mshale ukaanza kwenda wenyewe: kulia, chini, kushoto, juu, ukachora mraba kioo kizima. Halafu herufi zikaanza kujiandika, moja moja, bila kidole cha mtu: asalaam aleikum bi mkubwa. Mtume! Niliruka mpaka ukutani. Yeye anacheka, mimi natafuta Ayatul Kursiyyu mdomoni.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Programu inaweza kuishika mausi na kibodi kama mkono, na inaweza kuvitazama kama jicho. Wewe unataka jicho. Kila kitufe kitakachobonyezwa kitaandikwa, na saa yake. Hata ukifuta. Mtu akiandika neno akalifuta, kwenye barua halipo, lakini huku litabaki, na mbele yake kutaandikwa FUTA kila alipobonyeza kitufe cha kufutia."

"Ndilo hilo nilitakalo."

"Lakini Bi, sikiliza. Mashine ni yako, sawa. Anayeitumia pamoja nawe lazima umwambie. Kumwandika mtu kila anachobonyeza naye hajui, ni sawa na kumchungulia akiwa chooni."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia.

Mistari ya programu aliniandikia kwenye karatasi, mimi nikaipiga mwenyewe, maana kupiga chapa ndiyo kazi yangu, hata iwe lugha ya majini. Nilikwenda nayo neno kwa neno, alama kwa alama: mabano fungua, mabano funga, nukta, mstari wa chini. Mwalimu akatabasamu.

"Bi, kompyuta haikusikii."

"Sisi tulisoma chuoni, Mwalimu," nilimjibu. "Kwetu aliyenyamaza alikula bakora, maana maalimu hajui kama unasoma au umelala."

Na ni kweli. Chumba kizima cha watoto, kila mmoja na juzuu yake, kila mmoja na sauti yake. Jicho langu halijui kusoma peke yake mpaka leo. Tukamaliza, programu ikakubali, na faili lake nikaliita Mapishi, kwa sababu hakuna atakayefungua faili la mapishi kwenye duka la chapa. Nilijiona nina akili sana.

Ikawa kila jioni, binti akishaondoka kwenda kuanua nguo nyumbani, mimi najifungia na Mapishi. Si kitu chepesi kusoma. Herufi zimemwagika bila nukta wala koma, katikati zimechomekwa saa na FUTA, na kila mausi iliposogezwa pameandikwa mausi. Ilibidi niende silabi kwa silabi kama mtoto anayeanza Juzuu Amma, nikirudia mpaka maneno yashikane. Siku ya kwanza niliyakuta maneno yangu mwenyewe. Ya pili, vilevile. Ya tatu, binti alikuwa amepiga tangazo la mbuzi aliyepotea. Faili la posa hakuligusa hata mara moja.

Wiki ileile posa ya tatu ikarudi. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza. Mashine imekesha macho, hakuna mkono uliogusa, na siri imetoka. Mimi nikasema: ahaa, kumbe anasoma akiwa nyuma ya bega langu. Nikaigeuza meza, nikakaa mgongo ukutani, uso mlangoni. Binti akaniuliza, "Shangazi, hapo joto halikusumbui?" Nikamwambia joto ninalolijua mimi ni jingine. Akaenda akaniletea maji.

Siku ya Jumatatu nikapata nilichokuwa nakitafuta. Au ndivyo nilivyodhani. Mapishi iliniambia kwamba saa ya adhuhuri, mimi nikiwa msikitini upande wa wanawake, kulipigwa barua ndefu, ikachapishwa, kisha haikuhifadhiwa popote. Nikavuta kiti. Nikaanza kuikokota.

Ilikuwa posa. Sisi wazee wa kijana wetu, fundi wa mashine za boti, mkaazi wa Kojani, tunaleta ombi letu kwa heshima na taadhima. Nikaendelea. Kwa binti yenu, mtoto wa marehemu ndugu yenu. Nikarudi nyuma nikasoma tena. Mtoto wa marehemu ndugu yetu ni yeye! Yule fundi wa Kojani aliyekuja mara mbili kutia cheti kimojakimoja plastiki, mtu mrefu mwenye haya, kumbe hakufuata plastiki. Wazee wake hawajui kuandika barua za namna hiyo, basi binti kawaandikia mwenyewe, ipelekwe kwa mdogo wangu wa kiume kule Wawi, ambaye ndiye ami yake na ndiye walii wake wa kumwoza. Ijumaa hiyo wangekwenda.

Na hapo katikati palikuwa na sentensi moja iliyofuatwa na msururu wa FUTA. Alikuwa akiandika kwa mdomo wa wazee, tunamridhia, tunamheshimu, kisha mkono ukamponyoka akaandika kwa mdomo wake: na mimi mwenyewe nimeridhika naye tangu siku ya kwanza aliponisalimu. Akaifuta yote, herufi kwa herufi, akaweka maneno ya heshima mahali pake.

Niseme nini? Iliniuma. Mtoto niliyemlea, jambo kubwa kama hili, hakuniambia. Ananificha mimi, kaburi! Nikaisoma ile sentensi mara ya pili, nikiivuta kwa kejeli kama watoto wanavyogezana: tangu siku ya kwaaanza aliponisalimu. Mara ya tatu nikaisoma bila kejeli, kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu mimi hakuna mtu aliyewahi kuridhika nami hivyo. Kisha nikazima mashine nikaenda nyumbani. Sikumwambia neno. Nilitaka nione mpaka lini atanificha.

Jumatano asubuhi mdogo wangu alifika kutoka Wawi. Hakuamkia. Alisimama mlangoni, kofia imepinda, akanyoosha kidole ndani.

"Yuko wapi huyo anayejiandikia posa mwenyewe?"

Binti alisimama. Alikuwa na bahasha tupu mkononi.

"Mke wangu kaambiwa jana, mbele za watu!" alisema mdogo wangu. "Kaambiwa na maneno yenyewe: nimeridhika naye tangu siku ya kwanza aliponisalimu. Mwanamke mzima! Watu wanacheka, wananigeza mpaka msikitini. Hao wa Kojani wakija Ijumaa wasinikute. Na wakinikuta, jibu lao wanalo." Akanigeukia. "Na weye, dada, ndiyo malezi yako haya?"

Akaondoka. Yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumgeukia mtoto wa watu. "Unaona? Ulimwambia nani? Umeropoka kwa nani maneno ya kuridhika, siku ya kwanza, aliponisalimu?"

Hakulia. Aliiweka ile bahasha mezani.

"Shangazi, maneno hayo sikumwambia mtu," alisema. "Hata mwenyewe fundi hayajui. Niliyaandika, nikayafuta. Kwenye karatasi hayakuwemo. Wewe umeyasikia leo kwa ami, au ulikuwa unayajua?"

Nikafungua Mapishi. Nilimwonyesha kila kitu, saa, mausi, herufi, na ule msururu wa FUTA. Alisoma kimya, midomo imefungwa, macho yanakwenda kushoto na kulia. Mimi namtazama. Alipofika mwisho akauliza swali moja tu, kwa upole ule wake ambao nilikuwa nauita ujanja.

"Shangazi, hili ulilisomaje?"

"Nililisoma kama watu wanavyosoma."

"Kwa sauti?"

Nikautazama ule ubao mwembamba.

"Ndiyo maana nilikuwa naongeza redio," alisema.

Ukaidi ni maradhi. Hata hapo sikukubali. Nikamwambia si kweli, mimi nasoma kwa ndani, nanong'ona tu kidogo, ubao ni ubao. Nikamwambia kaa hapo, soma ninavyosoma mimi, nami nitakwenda upande wa pili nisikie. Nilitoka, nikapiga hodi kwa mpaka hina. Wanawake wanne walikuwa wameketi mkekani, mikono mbele, vidole vimetanuliwa, hina mbichi. Hawawezi kushika simu, hawawezi kujikuna, hawana la kufanya ila kusikiliza. Nikasimama katikati yao. Na kutoka ng'ambo ya ubao sauti ya mtoto wangu ikaja, ya chini, ya kunong'ona, kila herufi imetimia: na mimi mwenyewe nimeridhika naye tangu siku ya kwanza aliponisalimu.

Hakuchagua kingine cha kusoma. Wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja wao nilimtambua, ni jirani wa mdogo wangu huko Wawi.

"Bi," alisema mpaka hina, na masikini hakuwa na ubaya hata chembe, "sisi tulidhani unajua kwamba tunasikia. Zamani redio ilikuwa inatuziba. Ilipozimwa tukasema labda sasa unapenda tusikie."

Nilitamani ardhi ipasuke. Posa tatu za watu, na ya nne ya mwanangu, zimepita katika mdomo wa kaburi. Nilirudi kwa binti nikamwuliza kwa nini hakuniambia, miezi yote hiyo. Akasema, "Nikwambie nini, Shangazi? Nikwambie mtu mzima kama wewe kwamba unatoa siri za watu? Nilijaribu siku ile ya redio. Mdomo ulikataa." Hivyo ndivyo nilivyomlea. Nilimfunza kwamba mkubwa hakosolewi, na akalishika somo kuliko nilivyotaka.

Sikulala. Alhamisi asubuhi nilikwenda Wawi, nikamwambia mdogo wangu mbele ya mkewe kwamba aliyetangaza ni mimi, kwamba mtoto aliandika kwa siri yake na akafuta kwa adabu yake, na mimi ndiye niliyechungulia na kusoma. Aliniangalia kama mtu aliyeonyeshwa pembe za ng'ombe kichwani mwa punda.

"Dada, weye? Weye kaburi?"

"Kaburi lililo wazi," nilimwambia. "Wapokee hao watu kesho, nakuomba."

Mwishowe akasema wakija atawapokea. Lakini hawakuja. Maneno ya kwenye hina yalikuwa yameshavuka maji mpaka Kojani kabla yangu. Jumamosi nilipanda boti mwenyewe mpaka Kojani, nikatafuta nyumba ya mama yake fundi, nikakaa kwenye mkeka wake nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Alinipa chai na mkate wa kumimina. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, Bi," alisema. "Na mwanao sina neno naye. Lakini mwanangu hatooa mwanamke ambaye moyo wake umeshasomwa na mji mzima. Nikimtazama mezani, nitasikia vicheko vya watu. Na yeye pia atasikia."

Fundi alikuwa nje, amechutama kando ya mashine yake, mikono ina mafuta. Aliniamkia shikamoo, nikaitika, akainamia tena mashine. Mbele ya mama yake naye mdomo ulikataa. Nilirudi kwenye boti nikiwa na hasira na adabu ya dunia nzima.

Nilimwambia binti jibu lile siku ileile, uso kwa uso. Nikamwomba radhi, mimi mkubwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Akasema, "Haya, Shangazi," akaendelea kukunja nguo. Nilimwambia pia kwamba nitaiondoa ile programu. Akasema, "Iache tu kwanza."

Baada ya wiki mbili akaniambia anakwenda Mkoani kwa watu wa mama yake, kuna kazi ya ofisi huko. Sikumzuia, ningemzuia kwa uso gani? Siku ya mwisho alikuja dukani kama kawaida, akafagia, akatia vyeti vya watu plastiki, adhuhuri akanisubiri nirudi kusali ndipo akaniaga. Alinibusu mkono. Nilitaka aseme kitu, hata cha kunitukana, roho yangu ipoe. Hakusema. Alibeba begi lilelile alilokuja nalo alipoachwa.

Nilipogeuka nikaiona redio. Ilikuwa juu ya rafu yake ya zamani, waya umechomekwa. Ufunguo wa kabati nilikuwa nimempa mwenyewe ile Jumatano.

Sijui kwa nini nilifungua Mapishi. Labda ni mazoea ya kushuku, hayamtoki mtu kwa siku moja. Mstari wa mwisho ulikuwa wa adhuhuri ile. Kulikuwa na mausi, kisha herufi, kisha FUTA nyingi mpaka chini ya kioo. Alifungua ukurasa mtupu, akaandika, akafuta yote, akafunga. Mahali pengine popote maneno yale hayapo. Alijua ni mimi peke yangu nitakayeyakuta.

Nikavuta mtandio nikauuma kwa meno, midomo nikaibana kwa mkono. Nikayaacha macho yaende peke yao, polepole, kama mtoto anayefundishwa upya.

shangazi nimekusamehe tangu siku ile ila kusema mbele yako siwezi hii isome kimoyomoyo

Niliisoma. Nikaisoma tena. Kutoka upande wa pili ubao ukagongwa kidogo, na sauti ya mpaka hina ikauliza, "Bi, upo? Mbona leo kimya?"

Nilikuwepo. Sikuweza kumjibu.